Papa Mkavu au Kilo ya Dagaa? Bei ya Samaki na Sumu Isiyoonekana

Kipande cha papa cha gramu 100, kinachoenea kwenye kiganja cha mkono, kinaweza kummalizia mwanamke wa kilo 60 kiasi chote cha zebaki kinachohesabiwa kuwa salama kwake kwa wiki nzima. Ili afikie kiasi hichohicho kwa kula sato, itambidi ale zaidi ya kilo saba. Wote wawili wanauzwa kwa kilo, na mara nyingi papa ndiye wa bei nafuu kwa mnofu anaotoa. Tofauti hiyo haionekani kwenye jicho la samaki, haina harufu, na muuzaji hana namna ya kuijua.

Makala hii ni ya mtu anayeingia sokoni na hela yenye mpaka: mama wa Temeke anayekwenda asubuhi soko la samaki la Feri, baba wa Mwanza anayepita Mwaloni Kirumba, familia ya Kisumu inayopika omena, yaani dagaa, siku nyingi za wiki. Kwao swali si kama samaki ni wazuri au wabaya. Samaki ni chakula bora, na watoto wetu wengi wanakula wachache kuliko wanavyohitaji. Wataalamu walioitwa na mashirika ya kimataifa ya chakula na afya, FAO na WHO, mnamo Januari 2010 walilipima jambo hili pande zote mbili, wakaona kwamba kumnyima mama mjamzito samaki nako kunaugharimu ubongo wa mtoto. Kwa hiyo kinachotafutwa ni samaki yupi, wa maji gani, mkubwa kiasi gani, na kwa shilingi ngapi.

Nianze na hesabu niliyoitumia hapo juu, maana nitairudia. Mwaka 2003 kamati ya pamoja ya FAO na WHO iliweka kikomo cha mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki, na iliweka kiwango hicho ikimfikiria mtoto aliye tumboni. Mwanamke wa kilo 60 anapata mikrogramu 96. Mtoto wa kilo 15 anapata 24 tu. Upande wa samaki, natumia wastani uliotolewa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, kutokana na vipimo vya miaka ya 1990 hadi 2012. Papa wana miligramu 0.979 za zebaki kwa kilo, chewa 0.448, jodari wa mapezi ya njano 0.354, na jodari wa macho makubwa 0.689. Kisha tazama upande wa pili: kambale 0.024, ngisi 0.024, sato 0.013, samaki wadogo wa jamii ya dagaa wa baharini 0.013, kamba 0.009. Papa mdogo atakuwa chini ya wastani wake na papa mkubwa atakuwa juu, lakini mpangilio haubadiliki kutoka bahari moja hadi nyingine, kwa sababu unatokana na namna samaki wanavyoishi.

Zebaki inayoshuka majini hugeuzwa na vijidudu vya kwenye tope kuwa zebaki ya methili, na hiyo ndiyo inayoingia mwilini na kukaa. Inaingia kwanza kwenye viumbe vidogo sana vinavyoelea majini, kisha kwenye dagaa wanaokula viumbe hivyo, kisha kwenye samaki wanaokula dagaa. Kila anayekula mwenzake anarithi akiba ya aliowala. Papa anayeishi miaka mingi, anakula samaki wengine kila siku na hana mwindaji juu yake, anabeba akiba ya wote. Dagaa wa Ziwa Victoria anaishi muda mfupi na kuvuliwa kabla hajakusanya kitu. Kwa zebaki, basi, kanuni ya sokoni ni rahisi: umri wa samaki, ukubwa wake na anachokula. Kwa sumu nyingine kanuni inabadilika, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanachanganya mambo.

Nimesikia mara nyingi watu wakisema samaki ukimuosha kwa ndimu na chumvi, ukamkaanga hadi akauke, sumu yote imetoka. Kwa vijidudu vya kuharisha, moto mkali unatosha. Kwa zebaki moto hausaidii chochote: imejishika kwenye protini ya nyama, si kwenye mafuta wala ngozi, kwa hiyo hakuna namna ya kuikata, kuiosha wala kuichemsha. Mabaki ya dawa za kilimo za zamani kama DDT yanakaa kwenye mafuta. Hapo kukata mafuta ya tumbo, kuvua ngozi, na kubanika ili mafuta yadondoke kunapunguza kweli. Madini ya risasi na kadimiamu hukaa zaidi kwenye matamvua, ini, figo na mifupa kuliko kwenye mnofu. Vipande vya plastiki vinakaa tumboni. Watafiti waliochunguza sangara na sato walionunuliwa Mwanza walikuta plastiki kwenye matumbo ya samaki mmoja kati ya watano, na utafiti huo uliochapishwa mwaka 2016 ulikuwa wa kwanza wa aina yake katika maziwa makuu ya Afrika. Kwa hiyo kutupa utumbo na matamvua ni kazi ya dakika mbili yenye faida kubwa, hasa kwa samaki wa mito na ghuba zinazopokea maji ya viwandani. Mtu wa Dar es Salaam anayenunua samaki aliyevuliwa mdomoni mwa Mto Msimbazi, mto unaobeba taka za mji mzima, hana sababu ya kula kichwa na ini lake hata kama mnofu unavutia.

Sasa niseme kuhusu dhahabu, kwa sababu Kanda ya Ziwa hofu ya zebaki ya machimboni ni kubwa na ina msingi. Mchimbaji mdogo wa Geita au Mara anachanganya zebaki na mchanga uliosagwa, inanasa dhahabu, kisha anaichoma ili dhahabu ibaki. Moshi unapaa na mabaki yanakwenda na maji. Hata hivyo, Profesa Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenzake Hirokatsu Akagi kutoka Minamata, Japani, walipopima samaki wa Ziwa Victoria upande wa maeneo ya machimbo katika miaka ya 1990, walikuta zebaki kidogo, mbali sana na mipaka ya kimataifa. Uchunguzi uliofuata Rwamagasa, mkoani Geita, ulionyesha sura nyingine: samaki wa vidimbwi na vijito vilivyo jirani na mialo ya kuchenjulia dhahabu walikuwa na zebaki nyingi, wakati samaki wa ziwani walikuwa salama. Ziwa ni pana na lina tope jingi linalomeza zebaki. Kidimbwi cha kijijini hakina msaada huo.

Kwa mnunuzi maana yake ni hii. Sato na sangara wa ziwani, hata wakiwa wa upande wa Geita, si wa kuogopwa kwa sababu ya migodi. Kambale na kamongo wanaovuliwa kwenye mashimo na mifereji karibu na mialo ya dhahabu wasiliwe, na watoto wasipewe kabisa, hata wakitolewa bure. Na kuna jambo ambalo watafiti wa Japani na Tanzania walilikuta bila kulitafuta: baadhi ya wanawake waliokuwa na zebaki nyingi mno kwenye nywele zao hawakuipata kwa samaki wala mgodini, bali kwenye sabuni za kujichubua. Mama anayeacha kula samaki kwa hofu ya zebaki huku akijipaka sabuni hiyo asubuhi na jioni, ameikimbia sumu ndogo akaikumbatia kubwa.

Turudi kwenye pesa. Bei ya kilo sokoni inadanganya, kwa sababu kilo ya samaki mzima ina magamba, matumbo na mifupa, kilo ya vipande vya nguru karibu yote inaliwa, na kilo ya dagaa wakavu karibu haina maji. Njia ya haki ni kugawa bei kwa protini unayoila. Sato mzima wa kilo moja, mlaji wa nyumbani anayechokonoa hadi mashavu, atapata kama gramu 450 za kula, na humo protini ni kama gramu 90. Kilo ya vibua itatoa kama 110. Kilo ya vipande vya nguru au papa itatoa kama 190, mnofu wa jodari 230. Kilo ya dagaa wakavu waliokauka vizuri, bila mchanga, ina protini isiyopungua gramu 500.

Bei zifuatazo ni za kukokotolea tu; weka za soko lako. Tuseme sato ni shilingi 12,000 kwa kilo, vibua 8,000, nguru 18,000, jodari 12,000, papa 9,000, dagaa wakavu 12,000. Gramu moja ya protini ya sato inakugharimu shilingi 133, ya nguru 95, ya vibua 73, ya jodari 52, ya papa 47, na ya dagaa 24. Wengi hushangaa hapa. Sato anayeonekana chakula cha kawaida ndiye ghali kuliko wote, na nguru anayeogopwa kwa bei yake anampita sato kwa faida. Na papa, ukiitazama hesabu hii peke yake, anaonekana ndiye samaki mbichi wa akili kuliko wote. Hiyo ndiyo sababu papa anaishia kwenye sufuria za watu wenye kipato kidogo wa pwani.

Weka basi safu ya pili kando ya ile ya bei. Gramu 100 za protini kutoka kwa dagaa zinakuja na kama mikrogramu 10 za zebaki. Kutoka kwa sato, kama saba. Kutoka kwa jodari wa mapezi ya njano, zaidi ya 150. Kutoka kwa papa, zaidi ya 460, karibu mara tano ya kikomo cha wiki cha mwanamke wa kilo 60. Nguru yuko katikati: jamaa zake waliopimwa Marekani wanaanzia miligramu 0.18 kwa kilo hadi 0.73, kutegemea aina na ukubwa, kwa hiyo nguru mdogo ni jambo moja na lile dume la kilo 15 linalokatwa kwa panga ni jambo lingine. Ukizisoma safu zote mbili pamoja, dagaa wanashinda kwa bei na kwa usalama wanakaribiana na sato, na kwa yote mawili kwa pamoja hakuna samaki mwingine anayewakaribia. Vibua wanafuata. Nao ni samaki wadogo, wenye maisha mafupi, wenye mafuta yanayojenga ubongo, na wanapatikana pwani yote kuanzia Mtwara hadi Lamu.

Papa mkavu anahitaji maneno yake. Pwani ni kitoweo cha heshima, ng'onda ya papa iliyochemshwa, ikachambuliwa, ikapikwa kwa nazi na bizari, na hakuna anayetaka kuifuta kwenye meza zetu. Lakini samaki akikaushwa maji ndiyo yanayoondoka. Zebaki inabaki pale pale. Kipande cha papa mkavu cha gramu 50 kinaweza kuwa kimetoka kwenye mnofu mbichi wa gramu 100 au zaidi, na kuloweka usiku kucha kunatoa chumvi, hakutoi zebaki. Kwa mwanaume mzima au mwanamke aliyekwishamaliza kuzaa, sahani moja kwa mwezi haina shida. Kwa mjamzito, mama anayenyonyesha, mwanamke anayetarajia kubeba mimba karibuni, na mtoto mdogo, ushauri wangu ni mmoja: waache. Zebaki ya methili hupungua nusu mwilini kwa muda wa takribani siku 50 hadi 70, kwa hiyo kuacha siku unapojua una mimba ni kuchelewa kidogo. Wanaoingia kundi hilohilo ni nduaro, sulisuli, chewa mkubwa na taa mkubwa, na jodari wa macho makubwa.

Jodari wa kopo wanaouzwa madukani kwa kawaida ni wa aina ndogo, na wastani wake kwa vipimo vya FDA ni 0.126. Kopo moja au mawili kwa wiki si tatizo kwa mtu mzima. Tatizo lake ni bei: kwa gramu ya protini utalipa mara kadhaa ya bei ya dagaa, na sehemu ya hela yako inanunua bati na mafuta.

Dagaa nao wana doa lao, na ni doa la nchi kavu. Ukisimama kwenye ufukwe wowote wa Ziwa Victoria asubuhi baada ya usiku wa kuvua kwa taa, utaona dagaa wametandazwa mchangani wakimeremeta, kuku wanapita juu yao, mbuzi wanapita, mvua ikinyesha wanafunikwa na turubai lililokuwa chini. Wanaokaushwa kwenye vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini wanakauka haraka zaidi, hawana mchanga, na wanauzwa ghali kidogo. Lipa hiyo nyongeza. Ukinunua sado ya dagaa wa mchangani, sehemu ya uzito ni mchanga, sehemu ni waliovunjika, na utapoteza maji mengi ya kuosha. Ukipata muuzaji mwenye mizani, nunua kwa kilo badala ya sado, kwa sababu sado moja ya dagaa wakubwa wenye nafasi katikati na sado moja ya dagaa waliosagika hazina uzito mmoja.

Mtihani wa mkono ni huu. Shika konzi ya dagaa, ibane, kisha iachie. Wazuri wanatoa sauti ya kukatika na mkono unabaki mkavu. Wanaopinda bila kukatika hawajakauka, wataota ukungu ndani ya kabati lako. Tazama rangi: wawe na mng'ao wa fedha, si wekundu wa kutu, maana wekundu huo ni mafuta yaliyochacha. Papasa chini ya gunia uone mchanga uliotua. Nyumbani watoe vichwa na matumbo kama wametoka mahali usipopaamini, waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, kisha wapike hadi wachemke kabisa. Dagaa wa Kigoma kwa kawaida ni safi zaidi na ghali zaidi. Kwa mtu mwenye mtoto wa mwaka mmoja anayesagiwa dagaa kwenye uji, tofauti hiyo ya bei inalipa.

Barafu nayo ni gharama ya usalama, ingawa hatuihesabu hivyo. Jodari, sehewa, vibua na nguru wakikaa juani, vijidudu vinatengeneza histamini ndani ya nyama yao. Mlaji anawashwa mdomo, uso unawaka, kichwa kinagonga, vipele vinatoka, naye anasema ana mzio wa samaki. Mara nyingi hana mzio wowote; alikula samaki aliyekosa barafu. Histamini ikishatengenezwa haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha, na samaki huyo anaweza asiwe na harufu mbaya. Mazungumzo ya kila asubuhi mnadani yanajulikana:

"Kaka, huyu wa leo?"

"Wa leo, mama. Angalia jicho."

Jicho liangalie, liwe limetuna na kung'aa, na matamvua yawe mekundu. Lakini uliza pia alilala wapi. Samaki aliyevuliwa saa nane usiku akafika saa tatu asubuhi bila barafu katika joto la Dar es Salaam ni mchovu kuliko wa jana aliyezikwa kwenye barafu. Kwa joto letu kilo ya samaki inataka karibu kilo ya barafu. Anayenunua mapema na kubeba ndoo yenye barafu ya mia tano amenunua usalama kwa bei rahisi kuliko yeyote anayengoja bei ishuke saa saba mchana. Bei ya saa saba ni ya chini kwa sababu nzuri. Kwa changu, tasi na sato hatari hii ya histamini ni ndogo, hao wanakuonya kwa harufu mapema.

Mapanki, ambayo Wakenya wanayaita mgongo wazi, ni mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwandani baada ya minofu kukatwa kwa ajili ya ng'ambo. Kwa maskini wa mjini ndiyo nyama. Hayana zebaki ya kutisha. Kinachoyaharibu ni muda na mafuta: yakitoka kiwandani yakiwa baridi na kukaangwa siku hiyohiyo ni chakula halali chenye madini ya chokaa na supu nzuri, yakirundikwa juani na kukaangwa kwa mafuta meusi yaliyokwisha kutumika siku nyingi, yaache. Samaki wa moshi vilevile, vua ngozi yenye masizi kabla ya kupika, kwa sababu kemikali za moshi zinazohusishwa na saratani zimejikusanya hapo juu.

Viumbe wengine si suala la kiasi wala bei. Kasa asiliwe. Mnamo Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine zaidi ya 70 walilazwa. Miaka michache nyuma, mwaka 2021, Pemba ilizika wengine saba kwa sababu hiyohiyo. Kupika hakuiondoi sumu ile, na watoto ndio wanaokufa kwanza. Bunju naye ni hivyo hivyo, kupika hakumfanyi awe salama. Na samaki waliokutwa wakielea wamekufa, kama ilivyotokea Mto Mara Machi 2022, wasiokotwe kwa kuliwa wala kukaushwa kwa kuuzwa, hata kabla hujajua kilichowaua.

Kwa nyumba yenye mjamzito na watoto, ningepanga wiki hivi: dagaa mara tatu, vibua au sato mara moja, na kama pesa ipo, ngisi au kamba siku ya mapumziko. Mtoto wa kilo 15 anaweza kula hayo yote bila kukaribia kikomo chake, wakati gramu 25 za papa, vijiko viwili, zingemfikisha hapo. Kwa mtu mzima asiye na mimba, ongeza nguru mdogo au kipande cha jodari mara moja kwa wiki, ukizungushia siku nyingine samaki wadogo. Hesabu ya shilingi itashuka ukifuata mpango huu, haitapanda.

Linabaki jambo ambalo mnunuzi hawezi kulifanya peke yake. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu za kilimo zilizokuwa zikitumiwa kuvulia samaki, nchi zetu tatu zinazolizunguka ziwa hilo ziliamka. Leo maabara ya taifa ya ubora wa samaki iliyopo Nyegezi, Mwanza, inapima sangara anayekwenda ng'ambo. Uwezo upo, basi. Vipimo hivyohivyo vifanywe kwa papa wa Feri, dagaa wa Kirumba, samaki wa Msimbazi na kambale wa Rwamagasa, na majibu yabandikwe kwenye lango la soko kwa Kiswahili, aina kwa aina, kila msimu. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, na wizara inayosimamia uvuvi wanaweza kuanza na masoko manne tu. Madiwani na wenyeviti wa masoko, lidaini hilo kwenye vikao vyenu. Na wewe unayesoma, ukienda sokoni kesho na una mjamzito nyumbani, pita meza ya papa, nenda kwa mwenye dagaa wa kichanja, na umwambie apime kwa mizani.